Nyeupe Mbili na Mzani wa Pamba

Mimi gari naijua kwa mlio. Nikiwa jikoni, mgongo nimeipa barabara, moshi umejaa machoni, nitakwambia hiyo inayokuja ni lori la pamba, hiyo ni Land Rover ya polisi, hiyo ni ya padri na silensa imetoboka. Siku gari nyeupe za Mzee Masunga zilipoingia Bariadi nilinyoosha kidole nikawaambia wenzangu, "Nyamazeni msikie, ile yenye turbo ndiyo hii inapita." Ikapita trekta ya jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, imevuta tela la mbegu za pamba, na dereva akanipungia mkono.

Basi msinichukue mimi kuwa shahidi. Mchukueni Sajini Wilhelmina, ambaye gari hakuijua kwa mlio wala kwa sura, na nadhani ndiyo maana hakudanganyika.

Ulikuwa msimu wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Simiyu wakati huo lilikuwa jina la mto, mkoa haujazaliwa, na barua zetu zilizungukia Shinyanga. Kila kona palining'inia mzani, kila mzani na mwenyewe, na kila mwenyewe na redio kaseti inayopiga kelele kuliko ya jirani yake. Watu waliovaa kaptula za ushirika miaka ishirini waliamka asubuhi wakaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Soda ya kopo tuliinunua moja tukainywa watu wanne, halafu kopo tukaliweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi. Nikikumbuka nacheka, na nikimaliza kucheka kopo nalitafuta silioni.

Mzee Masunga ndiye aliyepanda juu kuliko wote. Alinunua jineri mbovu, akaifufua, na ilipoanza kunguruma akasema sasa anataka gari ya kukimbia. Si ya kubebea kitu. Ya kukimbia. Dalali mmoja kijana, Danford, akamletea mbili kutoka Dar juu ya lori, achague. Zote nyeupe, zote milango miwili, zimelalia tumbo kama fisi aliyeshiba. Moja ya kawaida, nguvu ya farasi mia moja na arobaini. Nyingine yenye turbo, farasi mia mbili na tano, na juu ya boneti ina pua ya kuvutia hewa na nyuma ina mkia wa bati umesimama. Mji ukagawanyika kama wachezaji wa Bagika na Bagalu siku za ngoma. Kuna waliosema ya kawaida inatosha, kuna waliosema mwanaume hanunui nusu. Ndugu walinuniana kwa gari ambayo hakuna hata mmoja wao angekalia kiti chake.

Masunga alichagua yenye turbo. Siku ya nne turbo haikuwemo ndani ya gari, na fundi Mihayo alikuwa mahabusu.

Sajini Wilhelmina alipewa jalada Jumatano asubuhi. Jalada lilikuwa na karatasi mbili tu. Mkuu wa kituo alimwambia, bila kuinua macho, kwamba kesho saa nane mchana Land Rover inakwenda Shinyanga na Mihayo anakwenda nayo, akakae rumande huko mpaka kesi yake itajwe. Watu waliopelekwa kule kwa kesi ndogo za kuku tulikuwa tunawasahau sura kabla hawajarudi.

"Siku moja na nusu, afande?" Sajini aliuliza.

"Kwani unataka msimu mzima? Kitu kilikuwemo, fundi akakaa nacho siku moja, kitu hakimo."

Alianza na Mihayo mwenyewe. Alimtoa, akamkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha zamu. Mihayo alikuwa mtu mfupi, mikono ina oili ambayo hata ubatizo haukuitoa.

"Gari ilifika kwako lini?"

"Jumapili baada ya misa. Mzee alitaka niinue springi, maana Jumamosi walipoitembeza mjini ilikuwa inakuna tumbo kila penye jiwe. Nikainua. Jumatatu asubuhi akaichukua."

"Boneti ulifungua?"

"Springi ziko chini, afande. Boneti ningeifungua nitafute nini, mayai?"

"Lakini kabla ya hapo ulimshauri Mzee asinunue yenye turbo."

Mihayo alishtuka kidogo. "Nani kasema?"

"Mji mzima."

"Ndiyo, nilimshauri. Ile kitu inataka oili mpya kila mara na petroli safi. Hapa petroli tunauziwa kwenye madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula. Nikamwambia, Mzee, chukua ya kawaida, itakuzika. Hiyo nyingine utaizika wewe. Akacheka, akaenda kuichukua hiyo nyingine. Sasa ushauri umekuwa kosa?"

"Hilo sijui bado. Turbo inafananaje?"

"Kama konokono wa chuma. Ukubwa wa kichwa cha ndama."

"Uzito wake?"

Mihayo alifikiri akiwa ameangalia viganja vyake kana kwamba ameibeba. "Konokono, mabomba yake, na kile kirejeta kidogo cha kupozea hewa, vyote ukivifunga kwenye gunia, kilo ishirini hazifiki."

Sajini aliandika: *kilo 20 hazifiki*. Akayapigia maneno hayo mstari, akamrudisha mtuhumiwa wake ndani.

Kwa Mzee Masunga walimpa kiti cha kamba na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mzee alikuwa amekaa uani, kofia gotini, uso wa mtu aliyefiwa na ng'ombe wa ukoo.

"Mwangaluka, baba," Sajini alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Kaa, mama. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja unieleze ulivyochagua."

Hapo uso wa Mzee ukafunguka kama dirisha. Alisogeza kiti. "Mimi sijui kusoma gari, mayu. Najua kuchagua dume la kulimia. Huangalii pembe, pembe kila dume anazo. Unaliweka kwenye jembe, unafumba macho, unasikiliza mkono. Nikamwambia yule kijana, niweke ndani, nifumbe macho, unikimbize barabara ya Lamadi mpaka darajani na kurudi. Moja kwanza, halafu nyingine."

"Ikawaje?"

"Ya kawaida ilinichukua kama baiskeli inayoshuka mlima. Tamu, sikatai. Ingekuwa peke yake ningeichukua nikafurahi. Yenye turbo, mwanangu, ilianza kwa kufikiri. Kijana amekanyaga, yenyewe kimya, inafikiri. Halafu ikaamua! Ikanipiga mgongoni kama ndama anayesukuma ziwa la mama yake. Nikapiga yowe. Mwaka wa arobaini na saba nilipanda dume la baba kwa siri, likanifanya vile vile. Nikasema, hii hii. Nyingine mpe mwenye haraka zake."

"Injini uliiona?"

"Alifungua boneti mbele ya watu. Konokono tulimwona sote. Halafu akaomba siku mbili aiandae, aioshe, abadili oili. Jumamosi akanikabidhi, pua iko juu, mkia uko nyuma, vigelegele. Nikaitembeza mjini."

"Kwa mwendo gani?"

"Wa maiti. Watu walikuwa wameizunguka, wengine wamekalia boneti."

"Kwa hiyo Jumamosi haikupata nafasi ya kukupiga mgongoni."

Mzee aliipangusa kofia vumbi. "Haikupata."

"Jumapili?"

"Kwenda kwa Mihayo ni mita mia tatu. Jumatatu ndipo nikaitoa barabara ya Lamadi, nikakanyaga. Ikaenda kama baiskeli inayoshuka mlima." Alivaa kofia, akaivua. "Danford akaja mbio, akafungua boneti, akapiga kelele, 'Mzee umeibiwa!' Na kweli konokono hayumo."

"Na ile ya kawaida iko wapi?"

"Mwanza. Aliipeleka Jumapili kwa mwenye hoteli mmoja."

Mlangoni alikuwa amesimama Milembe, mke wa Masunga, anachambua choroko ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Sajini alimuaga Mzee akapita upande ule.

"Mama, wewe ulitaka achague ipi?"

"Mimi nilitaka achague uzee," Milembe alijibu bila kuacha ungo wake. "Miaka sitini na nne anataka kupigwa mgongoni."

"Wanasema Jumapili ulionekana kwa Mihayo."

Choroko zilisimama. "Wanaosema hawana mboga za kupika?"

"Ulienda, hukuenda?"

"Nilienda." Milembe aliweka ungo chini. "Nilimpelekea jogoo. Nikamwambia, mwanangu, hiyo gari itoe pepo. Hata kidogo tu. Mwenye gari hatajua, atadhani ni uzee wake mwenyewe."

"Akaitoa?"

"Alinirudishia jogoo! Eti, 'Mama, nikifanya hivyo nitakuwa nimemwibia Mzee.' Nikamtukana. Sasa amelala ndani kwa kosa ambalo mimi nilimwomba alifanye akakataa. Tangu Jumatatu sijamla huyo jogoo wala simuuzi. Namwangalia tu."

Sajini aliandika, ingawa mstari huo ulimkaza Mihayo shingo zaidi. Mtu akiombwa jambo Jumapili na jambo likaonekana Jumatatu, hakimu haulizi habari za jogoo. Hata mimi siku ile niliposikia nilisema basi, fundi kaisha. Nimeshawaambia msinichukue kuwa shahidi.

Alipotoka hapo hakurudi kituoni. Alikwenda jineri, kwa Marcelo, karani wa mzani wa malori. Marcelo alikuwa na kalamu tatu mfukoni na moja sikioni. Gereji ya jineri ilikuwa imeshusha turbo ya lori bovu, imekaa sakafuni kama sufuria la matanga. Sajini akaomba ipimwe kwenye mzani mdogo. Kilo kumi na nane, ya lori.

"Na ya gari ndogo itazidi hapa?" Sajini aliuliza.

"Itazidi vipi, afande? Mtoto hazidi mama yake."

Mihayo basi hakudanganya kwenye uzito. Sajini aliondoka na neno hilo tu mpaka nyumba ya wageni aliyofikia Danford.

Danford alimpokea kwa viatu vinavyong'aa na Kiswahili cha mjini. Aliagiza soda, Sajini akakataa. Akaomba hati za forodha za gari zote mbili. Danford alizitoa haraka, kama mtu asiye na la kuficha. Sajini alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, mpaka alipofika penye uzito bila mafuta.

"Ya kawaida, kilo elfu moja mia moja thelathini. Yenye turbo, elfu moja mia mbili na kumi. Zimepishana themanini. Konokono ana kilo themanini?"

Danford alicheka. "Hapana, afande. Ile yenye turbo kila kitu chake ni kinene. Giaboksi nene, breki kubwa, difu kubwa. Ndiyo maana ya kuichagua."

"Hivyo navyo fundi anaweza kuvitoa usiku mmoja?"

"Thubutu! Hivyo ni kazi ya wiki. Aliiba konokono tu, ndilo jepesi."

"Asante. Sasa sikiliza, nakwambia wewe peke yako kwa sababu wewe ndiye mtaalamu. Gari tangu Jumatatu imewekwa kielelezo kwenye banda la jineri, kituoni hatuna ukuta. Kesho saa saba naipandisha kwenye mzani wa pamba. Ikisoma elfu moja mia moja na tisini, na kitu, hiyo ndiyo yenye turbo, imepungukiwa konokono, na Mihayo anakwenda Shinyanga. Ikisoma elfu moja mia moja thelathini, hiyo tangu mwanzo ilikuwa ya kawaida, imevishwa pua na mkia wa mwenzake. Nitahitaji uwepo."

"Nitakuwepo," Danford alisema. Soda yake hakuimaliza.

Ninyi mnaosoma mtasema Sajini alikosea, amemwonesha adui mtego. Kwani panya anaingia mtego asiosikia harufu yake?

Alhamisi saa saba jineri ilisimama, si kwa hitilafu, kwa umbea. Wapakiaji walikaa juu ya marobota, akina mama waliacha foleni ya kisima. Land Rover ya polisi ilikuwa langoni, injini inawaka, Mihayo nyuma na pingu, askari wawili pembeni yake. Dereva alikuwa ameshaangalia saa yake mara tatu.

Sajini hakuharakishwa. Alikata lakiri ya mlango wa banda mbele ya watu; bati la nyuma lenye misumari iliyolegea hakuligusa. Marcelo akausafisha mzani, akauonesha sifuri. Sajini akasema kwanza apande mtu, uonekane unafanya kazi. Alipanda Mzee Masunga mwenyewe. Mzani wa malori unahesabu kwa kilo kumi kumi, ukasoma themanini.

"Umepungua, mume wangu," Milembe alisema toka pembeni. "Ni mawazo ya gari."

Watu wakacheka, hata askari. Gari ikakaushwa mafuta kwenye madumu, ikasukumwa kwa mikono mpaka juu ya ubao. Marcelo alisogeza jiwe la mzani, akalisogeza tena, akasoma kwa sauti ya kutangaza misa.

"Elfu moja, mia mbili na kumi."

Pakapigwa mbinja. Danford alipangusa shingo kwa leso, akatabasamu. "Si niliwaambia? Gari ni ile ile aliyoichagua Mzee. Hati na mzani vimesema neno moja."

"Ile ile kabisa?" Sajini aliuliza.

"Ile ile."

"Na konokono ameibiwa?"

"Ameibiwa, afande. Fungua boneti uone."

"Nimeona. Basi huyu konokono hakuwa na uzito wowote. Kilo ishirini kasoro zimetoka na gari haijapungua hata kumi. Marcelo, gunia la pamba likisimama vizuri mno kwenye mzani wako, unafanyaje?"

Marcelo aliitoa kalamu sikioni. "Naingiza mkono chini, afande."

Watu wa pamba wote waliinamisha vichwa wakichekea vifuani, maana hapana aliyekuwa msafi. Nani kati yetu miaka ile hakunyunyizia maji kwenye pamba yake asubuhi ya kuuza? Nani hakusahau kwa bahati mbaya kofia ya mchanga katikati ya gunia? Tulikuwa tunaita chumvi. Tajiri akitupunja kwenye mzani, nasi tunatia chumvi kwenye gunia, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani.

Sajini alikulia shamba la pamba Ipililo. Alifungua buti, akainua zulia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko mahali panapolala tairi la akiba. Tairi halikuwepo. Alivuta mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa kamba ya katani, wapakiaji wakamsaidia, wakavuta wa pili. Ilitua chini kwa kishindo kimoja kila mmoja. Alifungua fundo, akatoa gao la mchanga, akaufinya. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye saa.

"Mbichi," alisema. "Mzito kuliko alivyokadiria aliyeujaza."

"Mihayo huyo!" Danford aliruka. "Ameweka ili kuficha wizi wake!"

"Mihayo analala kwangu tangu Jumatatu. Gari imekaa siku tatu chini ya bati, mwezi wa nane, Bariadi. Mchanga wa Jumatatu leo ungekuwa unapeperuka. Huu umetoka mtoni asubuhi hii au jana jioni. Na aliyeuweka hakutaka kuficha wizi. Mwizi angetaka gari iwe nyepesi kidogo au asijali. Anayetaka gari iwe nzito ni yule aliyesema ni nzito."

"Mlinzi basi. Au yeyote. Pimeni tena, mtaona!"

"Tutaona."

Marcelo alisogeza jiwe. "Elfu moja, mia moja sabini."

Danford alipumua kwa sauti. Alisogea mbele, akageukia watu kama wakili. "Mmesikia? Mia moja sabini! Ingekuwa ya kawaida ingesoma mia moja thelathini. Toeni konokono, mabomba, tairi la akiba ambalo naona nalo limeibwa, mnapata hapo hapo. Hii ni yenye turbo. Afande, Land Rover inasubiri."

Na kweli ilikuwa inasubiri. Dereva aliingiza gia, akaitoa. Mihayo nyuma alikuwa anaangalia ule mchanga. Mkuu wa kituo, aliyekuwa amefika na kusimama kwenye kivuli cha banda, alitikisa kichwa kuelekea langoni, maana yake, tumalize.

"Dakika moja, afande," Sajini alisema. Akamgeukia Danford. "Mambo haya ya mchanga kwenye mzani, wewe ulikuwa unayajua?"

"Mimi?" Danford alifungua mikono. "Mimi mtoto wa Ilala, mama. Pamba nimeijua kwenye godoro. Hizi hila za gunia mtajuana wenyewe Wasukuma. Hata lugha yenu sijui, salamu tu inanishinda, muulize Mzee, tangu nimekuja tunaongea Kiswahili."

"Ni kweli," Mzee Masunga alisema. "Nikimsalimia kwetu anacheka tu."

"Hujawahi kuishi huku?"

"Kamwe."

"Na banda hili hujaingia tangu jana?"

"Ningeingilia wapi?"

Sajini aliandika majibu yote matatu, akafunika kalamu. Halafu akamwita Marcelo. Hakupandisha sauti wala hakushusha, alisema kama mtu anayeomba kata ya maji, na alisema kwa Kisukuma. Alimwambia, mwanangu Marcelo, waambie vijana watoe kwenye viti na ile mifuko mitano iliyobaki.

"Mitano ya wapi!" Danford alisema. "Imebaki miwili tu!"

Jineri nzima ilimgeukia yule asiyejua Kisukuma. Redio moja ilikuwa inaimba mbali huko sokoni, mtu akaizima, sijui alijuaje.

Marcelo hakungoja kuambiwa. Aliinama chini ya kiti cha dereva, akatoa mfuko mmoja. Akazunguka kiti cha pili, akatoa mwingine. Akapapasa nyuma, akapapasa tena kwa haki ya Mungu, akasimama. "Ni miwili kweli, afande. Amehesabu vizuri." Akasogeza jiwe la mzani. "Elfu moja, mia moja thelathini, pua na mkia vimefidia tairi."

"Zima gari," Sajini alimwambia dereva wa Land Rover. "Mihayo, shuka. Kuna gari ya kukimbia iko Mwanza imevaa nguo za mwenzake, na wewe ndiye utakwenda kuitambua."

Mkuu wa kituo ndiye aliyefungua pingu kwa mkono wake, akijifanya zimekwama, ili asimwangalie fundi usoni. Milembe alishaondoka mbio kuelekea nyumbani kumfuata jogoo.

Mzee Masunga alitembea polepole mpaka mbele ya Danford. Hakuwa na hasira. Alimwangalia viatu, akamwangalia uso, akayatafuta macho yake kama mtu anayetafuta ukoo. Akamuuliza kwa Kisukuma, kwa upole, mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?

Danford akajibu, kwa Kiswahili safi kabisa cha Ilala, kwamba samahani Mzee, lugha hiyo haielewi.